CD ya Tatu

Filamu ya Kihindi ya saa tatu ilikuwa inakuja kwa CD tatu, kwa sababu VCD moja hubeba dakika 74 hivi na mwongozaji aliyeko Mumbai hakuwa na habari na jambo hilo. Kila aliyekulia Dar es Salaam miaka ile anakumbuka wimbo ukikatika katikati, mtu akanyanyuka kwenda kwenye deki, na sebule nzima ikabaki inatazama kioo cha bluu. Baadaye filamu za Bongo zikaigeuza kasoro hiyo kuwa biashara: Part One unanunua leo, Part Two utarudi wiki ijayo, na ukikuta imeisha dukani, shauri yako. Kwa hiyo gemu ya CD tatu haikutushangaza sana. Kilichotushangaza ni kwamba mashine ilijua. Deki ya VCD ungeiwekea CD ya tatu kabla ya ya pili na ingecheza tu, bwana harusi ameshakufa na wewe hujui alioa lini. PlayStation ilikataa. Ilikwambia kwa maandishi ni CD ipi inayoitaka, kisha ikasubiri.

Tulikuwa tunakaa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, viwili vikiwa vyetu. Nyumba hiyo haipo tena. Limesimama ghorofa, na pale palipokuwa kitanda cha wazazi wangu sasa wanauza mikoba ya jumla. Baba alikuwa fundi cherehani Mtaa wa Mkunguni. Kaka yangu, aliyenizidi miaka tisa, alikuwa anabeba marobota ya mitumba baada ya shule, na kwa pesa hizo mwaka 2000 akanunua PlayStation ya kijivu iliyokwishatumika. Pesa ya kufunga chipu alitoa Baba, baada ya kuelezwa mara tatu kwamba bila chipu mashine haisomi CD za kuchoma, na CD za kuchoma ndizo pekee zilizokuwepo sokoni. CD halisi za Sony zilikuwa nyeusi upande wa chini. Hiyo nimekuja kuiona nikiwa mtu mzima. Zetu zilikuwa za fedha, au za kijani kama bawa la nzi, na jina limeandikwa kwa peni ya wino mzito.

Kazi yangu katika nyumba hiyo ya gemu ilikuwa CD. Kwenye vibanda vya gemu mtoto wa kike hakukaribishwa, lakini nyumbani kaka alihitaji mtu wa kufuta, wa kupaka dawa ya meno palipokwaruzika, wa kugeuza mashine. Ndiyo, kugeuza. Reli ya lenzi ilikuwa inachakaa, lenzi inalala vibaya, na PlayStation nyingi za mtaani kwetu zilichezwa zikiwa miguu juu. Pia picha ilikuwa haina rangi. CD nyingi zilizonakiliwa zilitokana na toleo la Marekani, linalotoa picha kwa mfumo wa NTSC, na televisheni yetu ilikuwa ya PAL, kwa hiyo mimi nilikua nikidhani michezo ya Kijapani yote inatokea zamani, kama picha za babu.

Hasara nyingine ya CD isiyo na kasha ilikuwa kwenye Metal Gear Solid, gemu ya 1998 yenye CD mbili. Kuna mahali unatakiwa kumpigia msichana mmoja kwa redio, na mchezo unakwambia namba iko nyuma ya kasha la CD. Nyuma ya kasha gani? Sisi tulikuwa na mfuko wa nailoni. Namba ni 140.15. Kaka aliipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu, akaiandika ukutani juu ya kitanda chake, na Mama alikaa miaka akidhani ni deni.

Lakini gemu ya kaka ilikuwa Final Fantasy VII.

Ilitoka Japani Januari 1997. Kampuni ya Square ilikuwa imetengenezea Nintendo michezo yake yote sita ya kwanza ya mfululizo huo, ikahamia kwa Sony kwa sababu moja kubwa: nafasi. Nintendo 64 ilibaki na kaseti, na kaseti kubwa kabisa ya mashine hiyo ilikuwa megabaiti 64. CD moja hubeba zaidi ya mara kumi ya hapo, na bado Square walihitaji tatu, kwa ajili ya vipande vya filamu vilivyochomekwa katikati ya mchezo. Sehemu kubwa ya ulimwengu wa mchezo wenyewe imerudiwa kwenye kila CD, na tofauti kubwa ni hizo filamu. Nikiwa na miaka minane nisingeweza kueleza haya. Nilichojua ni kwamba ikifika saa ya kubadili, unafungua kifuniko mashine ikiwa inawaka, na kaka alikuwa anapiga kelele "Usizime! Usizime!" kama vile nimeshika nyaya za umeme.

Mchezo unakuruhusu kuwapa majina watu wake. Kijana wa upanga mkubwa, ambaye dunia nzima inamjua kama Cloud, kaka alimwita BABA. Baba mwenyewe alikuwa anarudi jioni na vumbi la nyuzi kwenye nyusi, anakaa kwenye ncha ya kitanda, anauliza, "Nimefika wapi leo?" Kaka anamweleza. Baba hakuwa anajua Kiingereza, na kaka alikuwa anajua robo, kwa hiyo hadithi niliyoisikia mimi ilikuwa tofauti kabisa na ile waliyoiandika Wajapani. Mlikuwa na mjomba tajiri aliyedhulumu kiwanja. Sijawahi kumkuta huyo mjomba mahali popote pengine.

CD ya kwanza ilikwisha. Ya pili ilichukua miezi. Usiku mmoja mwaka 2001 mchezo ukaomba CD ya tatu, kaka akasevu kwenye memori kadi, nikafungua kifuniko, nikaweka ile iliyoandikwa 3. Mashine ikaomba CD ya tatu. Nikaifuta, nikaiweka tena. Ikaomba CD ya tatu. Aliyeichoma alikuwa amechoma CD ya kwanza mara mbili na kuiandika namba tofauti. Mwuzaji alisema ndivyo zilivyomfikia yeye, na yawezekana alisema kweli. Kaka akazunguka meza zote kutoka Msimbazi hadi Uhuru kwa wiki kadhaa. Mwaka uliofuata Baba akafariki, mashine ikauzwa pamoja na cherehani moja, kaka akaacha shule kidato cha tatu. Mimi nikasoma. Tangu 2009 yeye yuko Maskati, anaendesha gari la kusambaza vipuri, na ada zangu za kidato cha tano na cha sita zilitoka huko.

Memori kadi ilibaki. Mama aliiweka kwenye kopo la Blue Band pamoja na risiti za mahari na vifungo vya koti, na kopo likahama nasi hadi Mbagala.

Mwaka jana kaka alinitumia ujumbe wa sauti, usiku, kwake ikiwa saa moja mbele ya kwetu. Aliuliza habari za Mama, za presha, za mabati. Mwishoni, kwa sauti ya mtu anayeulizia kitu asichokihitaji: "Hivi ile kadi bado ipo?" Nikamwambia ipo. Nikamwambia pia kwamba mchezo mzima uko YouTube, aangalie mwisho, na kwamba tangu 2016 linauzwa toleo la simu za Android, halina CD hata moja, unalipia unacheza. Akanyamaza muda. Kisha: "Kule anaitwa Cloud."

Nikaanza kazi.

Kitu cha kwanza ilikuwa kuitoa kumbukumbu kwenye kadi. Memori kadi ya PlayStation ina baiti 131,072, ndogo kuliko picha moja ya harusi unayotumiwa WhatsApp, imegawanywa vipande 16, kimoja kikiwa orodha na 15 vya kuhifadhia. Haina betri ndani, ndiyo maana inaweza kukaa kwenye kopo la siagi miaka ishirini na zaidi bila kusahau. Tatizo ni tundu la kuichomeka. Kwenye Mtaa wa Aggrey nilimpata fundi simu mmoja, kijana mdogo kuliko hiyo kadi, aliyekata tundu kutoka kwenye PlayStation mfu, akaliunganisha kwa nyaya saba na kibodi kidogo cha Arduino, na kutumia programu ya bure inayoitwa MemCARDuino. Inasoma kipande baada ya kipande, polepole, taa inapepesa. "Dada, ukute ni tupu," aliniambia, kunitayarisha. Haikuwa tupu. Kwenye kompyuta, programu ya MemcardRex ikatoa orodha: Winning Eleven, Winning Eleven, Winning Eleven tena, na kimoja cha Final Fantasy VII. Fundi hakutaka pesa mpaka nilipomlazimisha. Alitaka kujua tu kwa nini mtu anahangaika hivyo.

CD zenyewe nilizipata kwa binamu yetu aliyeko Leicester, ambaye alinunua kasha zima kwenye duka la vitu vilivyotumika na kulileta alipokuja msibani. CD tatu nyeusi chini, kitabu, kila kitu. Nililishika kasha hilo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. (Wanaopenda kuuliza uhalali: nimenakili CD zilizonunuliwa kihalali. Zile za kwanza hazikuwa halali hata kidogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwepo tangu 1999, na meza zilikuwepo pia.)

Kila CD nikaisoma kwa kifaa cha DVD cha kuchomeka, ikatoa faili mbili: la bin, ambalo ndilo CD yote kama ilivyo, na la cue, kikaratasi cha maandishi kinachoeleza nyimbo na data zinaanzia wapi. Kisha nikazikamua kwa chdman, chombo kilichotoka kwenye mradi wa MAME, kila CD ikawa faili moja la chd. Sikuona haja ya kuhamisha mafuriko ya bin kwenye simu ya mtu. Nikazipa majina mafupi, bila nafasi katikati.

Hapa ndipo watu wengi hukwama na gemu za CD nyingi. Emuleta, yaani programu inayojifanya PlayStation, humpa kila mchezo memori kadi yake, na kadi hiyo huitwa kwa jina la faili ulilofungua. Ukifungua CD ya kwanza, unapata kadi ya CD ya kwanza. Ukifika mwisho ukafungua faili la CD ya pili, emuleta inadhani ni mchezo mwingine kabisa, inakupa kadi mpya, nyeupe. Saa zako sitini hazipo. Hazijafutika, ziko kwenye folda, ila hakuna anayeziita kwa jina lao.

Dawa yake ni faili la m3u. Waliowahi kupanga nyimbo kwenye Winamp wanalijua: ni orodha ya nyimbo, maandishi matupu, jina moja kwa kila mstari. Waundaji wa emuleta wakaliazima kwa ajili ya CD. Unafungua Notepad, unaandika:

FF7-1.chd
FF7-2.chd
FF7-3.chd

unalihifadhi kwa jina FF7.m3u, ukichunga lisijiongezee txt kwa nyuma, na unaliweka folda moja na hizo chd. Kuanzia hapo hufungui CD, unafungua orodha. Emuleta inajua hizi tatu ni kitu kimoja, na kadi ni moja: FF7.srm. Na kwa bahati njema, ile nakala ghafi ya baiti 131,072 niliyotoka nayo Aggrey ndiyo hiyohiyo srm. Hubadilishi kitu ila jina.

Nilitumia RetroArch na injini ya PCSX ReARMed, kwa sababu inaenda vizuri kwenye simu za kawaida. Nikaweka kila kitu mahali pake, nikafungua, nikachagua kuendelea. Hakuna kitu. Kadi ilisomeka, Winning Eleven zote zilionekana kwenye orodha, lakini mchezo ulisema hauna sevu yake.

Ilinichukua jioni mbili kuelewa. Kila sevu ya PlayStation inabeba jina la utaifa wake. Ya kaka ilianza na BASCUS-94163, toleo la Marekani, herufi A ikiwa ndiyo nchi. CD za binamu zilikuwa za Ulaya, zinatafuta BESCES-00867. Mchezo uleule, watu walewale, ila ukisimama mlangoni na kitambulisho cha upande mwingine hupiti. Kaka yangu, ambaye aliwahi kuzuiwa saa tisa uwanja wa ndege kwa sababu ya herufi moja ya jina la babu kwenye pasipoti, alicheka sana nilipomweleza. Ipo programu ya wapenzi wa mchezo huu, Black Chocobo, inayobadili sevu za Final Fantasy VII kutoka eneo moja kwenda jingine. Nikambadilishia.

Nikafungua tena. Uso wa yule kijana, kwa rangi, ambazo sikuwa nimewahi kuziona: nywele zake ni za njano. Pembeni yake: BABA. Na muda, 61:08.

Nilimwita Mama aje aone. Aliinama karibu na kioo, akasoma, akauliza, "Saa sitini na moja za nini?" Nikamwambia ndizo alizocheza kaka. Akasema, "Na mimi nilikuwa namwambia aende kuoga." Akarudi jikoni.

Kadi ndogo ya simu niliinunua Kariakoo na nikaipima kabla ya kuilipia, maana zipo zinazoandikwa gigabaiti 128 na ndani zina 8. Nikaipeleka Maskati kwa jirani aliyekuwa anasafiri, imefungwa ndani ya ubuyu. Kaka alishanunua pedi ya Bluetooth huko Ruwi. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa wa sekunde nne: "Dada, Baba hayupo."

Nilikuwa ofisini, katikati ya kufunga hesabu za mwezi. Nilijua kilichotokea, alikuwa amebonyeza FF7-2.chd moja kwa moja, lakini sentensi hiyo ilinikalisha kidogo kabla sijajibu. Nikamwambia: usifungue CD, fungua orodha. Lile la m3u. Dakika kumi kimya. Kisha picha ya kioo cha simu yake, kidole gumba kimeziba nusu, na jina linaonekana.

Mchezo ukamwomba CD ya tatu, palepale ulipoiomba 2001. Nikamweleza kwa ujumbe wa sauti kama anavyoelezwa mtu njia ya kufika Gerezani. Fungua menyu ya RetroArch, ingia kwenye udhibiti wa diski. Kwanza toa diski. Ndipo ubadili namba iwe 3. Ndipo uingize. Akauliza kwa nini atoe wakati hakuna kitu cha kutoa. Swali zuri. PlayStation ilitambua CD mpya kwa sababu kifuniko kilifunguliwa na kufungwa, na mchezo, ulioandikwa na watu wasiojua kwamba siku moja hakutakuwa na kifuniko, bado unakisubiri. Kwa hiyo emuleta inalazimika kuigiza. Inafungua kifuniko ambacho hakipo.

"Kwa hiyo ile ndiyo kazi yako," akasema.

CD ya tatu ni fupi. Karibu yote ni kushuka ndani ya shimo moja kubwa, hadi chini kwa adui wa mwisho. Kwenye kushuka huko unaokota kifaa kinachokuwezesha kujitengenezea mahali pa kusevu popote utakapo mle shimoni, ila ni mara moja tu. Ukikiweka juu mno, ukifa unarudi mbali. Ukisubiri sana, unaweza kufa ukiwa nacho mfukoni. Kaka hucheza baada ya kazi, nusu saa, dakika arobaini. Wiki iliyopita aliniambia amekiokota. Ijumaa nikamuuliza amekiweka wapi.

"Bado," alisema. "Kesho nina mzigo wa Sohar alfajiri." Kisha akauliza kama Mama ameshanunua dawa.